Chumvi ya Diani, Maji ya Ruiru

Niseme mapema ili tuelewane: mume wangu angefia baharini, mimi ndiye ningeambiwa nimemuua. Hakuna ambaye angelaumu bahari, na hakuna ambaye angelaumu ujeuri wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha vitu anavyovaa na kupumulia akiwa huko chini, na kwa watu wa kwao, mke aliyetoka magharibi, kando ya ziwa, hata akae hapa Ngoingwa, Thika, mpaka ang'oke meno, bado yuko kwenye majaribio. Mtoto akikohoa, nimemlisha nini. Mume akikonda, nimemnyima nini. Sasa hebu fikiria mume anarudishwa kutoka Diani ndani ya sanduku, halafu ijulikane kwamba mpira aliokuwa akipumulia ulioshewa kwenye karai langu. Ningeanzia wapi kujieleza?

Baba watoto huuza ploti. Kampuni si yake, lakini ukimsikia utadhani mashamba yote ya Theta aliachiwa na babu yake. Ana mdomo, Mungu amsamehe. Atakusimamisha kwenye uwanja wa mawe wenye mbuzi mmoja, akuonyeshe kwa kidole shule, hospitali na barabara ya lami, nawe utaviona. Mdomo huo huo ndio ulionipata mimi, kwa hivyo siwezi kuwacheka sana wateja wake. Basi mwaka mmoja kampuni ikawapeleka wauzaji wake bora Diani kupumzika, na huko mama mmoja anayefundisha watu kupiga mbizi akawaingiza majini na mtungi wa hewa mgongoni, maji ya kifuani tu. Alienda mtu ambaye alikuwa akivuka daraja la Chania anatembea katikati ya barabara ili asione mto. Akarudi mtu anayeongea juu ya matumbawe.

Alijifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja hapa Thika, katikati ya watoto wenye maboya mikononi, yeye na kitambi chake. Kwa hilo nilimpa heshima yake. Halafu akarudi Diani kufanya mtihani, akapita, akaletewa cheti. Cheti kikatiwa fremu na kutundikwa sebuleni pale palipokuwa na picha ya harusi. Picha ya harusi ikahamia kwenye korido, karibu na mita ya stima.

Haukupita muda akawa ameshawishi wenzake wanne, watu wazima wa hapa hapa mjini wenye biashara zao na magoti yao mabovu, wakaunda chama cha wapiga mbizi. Mwenyekiti ni yeye, nani mwingine. Walinunua vifaa vya mtumba kwa mtu wa pwani aliyekuwa anaacha hiyo kazi, na kila shule zikifungwa wanashuka Diani, wanapiga mbizi, wanapiga picha, wanarudi. Wakifika Thika Jumapili jioni, kila mmoja anatupa begi lake kwenye veranda ya nyumba yake, anaoga, anabadilisha shati, halafu wote wanakutana kwa nyama choma kuhadithia walichokiona. Begi linabaki pale likidondosha maji ya bahari kwenye sakafu niliyopiga deki asubuhi.

Hakuna siku tuliketi tukakubaliana kwamba kazi ya begi ni yangu. Katika nyumba nyingi za huku, kitu kikirudi kichafu huwa tayari kina mwenyewe. Soksi, sufuria za sherehe, gari la wageni waliotapika, na sasa bahari.

Mara ya kwanza nilipofungua lile begi nililifunga tena. Chumvi ilikuwa imekauka nyeupe kila mahali, mchanga ulikuwa umejaa kwenye zipu, na ile suti yao nyeusi ya mpira ilikuwa na harufu ambayo niliijua lakini sikutaka kuamini. Nikampigia simu yule mama mwalimu wa Diani, maana namba yake ilikuwa kwenye cheti, nimuulize vitu hivi huoshwa vipi na harufu ile ni ya nini. Alicheka mpaka nikasikia simu inaanguka. Aliporudi akaniambia kwamba haja ndogo ikikubana huko chini huna pa kwenda, na kwamba wapiga mbizi wako aina mbili, wanaokojoa ndani ya suti na wanaosema uongo. Jioni nikamuuliza baba watoto. Akaniambia kwa uso mkavu kwamba hiyo ni harufu ya bahari. Nikamwambia nimelea watoto watatu, bahari hiyo naijua.

Yule mama alinieleza kila kitu bila haraka. Vyote vilowekwe kwenye maji matamu, maji yasiyo na chumvi, vikae humo kwa muda mrefu, maana chumvi haitoki kwa kumwagiwa tu. Lile jaketi linalojazwa hewa litiwe maji ndani, litikiswe, limwagwe, lirudiwe. Suti itundikwe kivulini, jua linakula mpira. Halafu akafika kwenye kile kitu kinachoitwa regulata, na hapo sauti yake ikabadilika. Regulata ina kichwa cha chuma kinachofungwa kwenye mtungi, mpira mrefu, na domo la kuuma na meno ili upumue. Kile kichwa kina kifuniko kidogo. Kifungwe kwanza kabla ya tone lolote la maji, na kile kitufe cha mbele ya domo kisibonyezwe likiwa majini, la sivyo maji yatapanda ndani na kuozesha kila kitu. Iogeshe kama mtoto mchanga, alisema, maji ya kutiririka polepole. Mume wangu alikuwa amekaa hapo karibu, simu iko kwenye spika, anatazama mpira kwenye runinga. Haya yote alikuwa ameyafanyia mtihani na kupita.

Sasa maji yenyewe. Ngoingwa maji ya bomba yanakuja siku yakitaka, na yakija tunajaza mapipa mpaka vikombe. Siku zingine tunatumia ya kisima cha mashine, ambayo yana chumvi kama yale ya Juja na Ruiru. Birika linaota magamba meupe, sabuni inakataa kutoa povu, na chai inakuwa na ladha ya msumari. Kwa hivyo maji matamu ya bomba ni ya chai, ya kupikia, na ya mashati meupe ya shule. Na mimi, kwa upumbavu wangu wa mapenzi, nikawa nachota hayo hayo, pipa zima, nalowekea vifaa vya mtu anayekula nyama mjini, halafu naoga ya chumvi, ngozi inakauka na kuwasha usiku kucha. Nilifanya hivyo safari baada ya safari. Sikutaka kuwa mjane kwa sababu ya kubania maji.

Suti niliitundika nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, kwenye henga nene. Mama mkwe alikuja kutembea siku moja, akazunguka kuangalia kuku, akakuta mtu mweusi asiye na kichwa ananing'inia na maji yanamtoka miguuni. Alisali pale pale akiwa amesimama. Baadaye akaniambia kwamba kitu kama hicho hakitundikwi katika nyumba ya watu waliookoka, na kwamba kama ni lazima, basi nisikielekeze barabarani, majirani wataanza kuuliza ninachomfanyia mwanawe. Nikasema ndiyo, mama. Nikaigeuza ikaelekea kwa kuku.

Basi tungeenda hivyo mpaka leo kama si masharubu. Baba watoto alifuga masharubu. Aliona mtu fulani kwenye video ya wapiga mbizi, akaona yatamfaa. Miwani ile ya kupigia mbizi inashika uso kwa mpira laini, na mpira laini haushiki juu ya nywele, kwa hivyo alipofika chini ikaanza kuingiza maji. Mtu yeyote mwenye kioo nyumbani angejua shida iko wapi. Lakini yeye alirudi akatoa ushuhuda kwenye ushirika wa mtaa, mbele ya familia zote, nikiwa nimeshika birika la chai ya watu. Akasema Mungu ni mkuu, alikuwa karibu apofuke baharini, kwa sababu mama watoto aliosha miwani na sabuni ya vyombo.

Ni kweli niliosha na sabuni ya vyombo. Ndivyo inavyooshwa, tone dogo, ili kioo kisishike ukungu. Hata yeye alifundishwa hivyo. Lakini nani angenisikiliza? Kina mama walinitazama kwa huruma ile mbaya, na mzee mmoja akasali sala ndefu kuhusu wake wenye busara. Mama mkwe alinipigia kesho yake asubuhi, kabla sijafungua duka. Akaniambia niwe makini, huyo ni mtoto wa watu.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kukata kitambaa. Nina duka la yunifomu Ruiru, na siku hiyo niliharibu sketi za shule nzima, mishono imeenda upande. Jioni nikamwekea chakula, nikakaa mbele yake, nikamwambia, "Kuanzia leo kitu unachopumulia utaosha mwenyewe. Sitaki siku moja niulizwe."

Akacheka. Akasema wanawake mnachukulia vitu vikubwa sana, akaomba chumvi. Nikampa chumvi.

Safari iliyofuata, begi likatupwa verandani kama kawaida. Mimi nikapita. Nikatoka kwenda dukani, nikarudi, nikapita tena. Baba watoto naye akawa anapita. Tulilizunguka lile begi kama wageni wawili kwenye hoteli moja, kila mtu na upande wake. Siafu wakaingia, wakatoka. Kuku akataga kando yake. Zipu ikageuka kijani. Nilisikia akiwaambia wenzake kwa simu kwamba nyumbani kuna mgomo, na wote wakacheka, na mmoja akasema hata kwake ule ugonjwa umefika. Kwa kweli nilikuwa nimeongea na wake zao wawili kanisani, lakini sikuwaambia wafanye chochote. Niliwauliza tu wanatumia maji gani.

Halafu Jumamosi moja nikaona gari limeondoka na begi limeondoka. Nikafurahi. Nikajisemea, angalau mtu mzima amepata akili, ameenda mahali atafute maji matamu, afungue kitabu alichofundishiwa kupiga mbizi, aoshe kitu chake kwa mikono yake. Nilikuwa dukani Ruiru nikiimba. Saa ya chakula akasimamisha gari mbele ya duka, anang'aa, akaniita nje, akafungua buti.

Ngai wangu.

Vitu vilikuwa vinameta. Mapezi ya miguuni yanameta, jaketi linameta, mipira ya regulata inameta mpaka unajiona. Na harufu ya stroberi ikanipiga puani, ile ya dawa ya kupaka magurudumu.

Alikuwa amevipeleka carwash. Ile ya kando ya baipasi, ambapo magari hupigwa maji kwa mashine ya kelele hadi tope la Theta linatoka chini ya bodi. Wale jamaa hawakuuliza maswali, kazi ni kazi. Walivipanga kwenye zege, wakavipulizia povu, wakavipiga kwa mashine juu, chini, na ndani ya kila tundu waliloliona. Alinieleza kwa fahari kwamba domo la regulata lililengwa bomba la mashine moja kwa moja, mpaka mchanga ukaruka upande wa pili. Halafu wakafuta kwa kitambaa na kumalizia na ile dawa ya magurudumu, bure, kwa sababu ni mteja wa siku zote.

Nikamuuliza kama walifunga kifuniko cha kichwa cha chuma.

"Kifuniko gani?" akasema.

Nikamuuliza maji yalikuwa ya wapi. Akasema ya tangi lao, na tangi lao linajazwa na kisima, na kisima ni cha Ruiru. Kwa hivyo mume wangu alikuwa ametoa chumvi ya Diani kwa chumvi ya Ruiru, kwa nguvu inayobandua rangi ya lori, na kuipaka polishi juu. Na kwa vile mwenyekiti hawezi kuwa na wazo zuri akakaa nalo peke yake, alikuwa ameliweka kwenye kikundi chao cha simu na picha. Wenzake wote wanne walipeleka vyao jioni hiyo hiyo. Nasikia watu wenye magari walipanga foleni wakisubiri mabwana wanne wamalize kuoshewa nguo za kuogelea.

Hapo ningecheka. Nilitaka kucheka. Lakini mimi nimelelewa kando ya maji, nimeona watu waliotolewa ziwani asubuhi, na nilipolitazama lile domo la mpira likimeta kwenye buti, niliwakumbuka. Niliogopa. Nampenda huyu mtu, ndiyo maana ananikasirisha hivi. Na safari iliyokuwa mbele yao haikuwa ya kutazama samaki wa rangi. Walikuwa wamejiandikisha kushuka kwenye meli iliyozama, chini kuliko walivyowahi kwenda, mahali ambapo ukikosa pumzi moja huwezi kusimama ukapata nyingine.

Nilimwambia amtumie yule mama wa Diani lile domo alifungue aangalie. Akakataa. Nikamwambia nitalipeleka mimi. Akasema nimeanza tena kutaka kuendesha mambo yake. Kuonyesha kwamba liko sawa, alileta mtungi ambao chama kilirudi nao ukiwa na hewa kidogo, akafunga regulata, akaketi sebuleni kwenye kochi akiwa na domo mdomoni, anatazama taarifa ya habari. Pssh, anavuta. Pssh, anatoa. Waziri anaongea juu ya mbolea, mume wangu anapumua kama mgonjwa mahututi. Wakati wa matangazo alitoa domo akasema, "Sikia mwenyewe. Inapumua." Halafu akarudisha.

Ilikuwa inapumua kweli. Hilo ndilo lililonisumbua. Nilijua tu kwamba sebule haina maji.

Nikaacha kubishana. Mtu wa mdomo humshindi kwa mdomo, unampa jukwaa. Siku chache baadaye nikamwambia, kama jambo dogo tu, kwamba wateja wangu wa Ruiru hawaamini anapiga mbizi. Wanasema zile picha zimetengenezwa. Alinyanyua kichwa kwenye sahani. Nikasema ni vibaya, kwa sababu wengine walikuwa wanauliza habari za ploti, na mtu akiona unadanganya juu ya bahari atajiuliza kuhusu hatimiliki. Sikuhitaji kusema zaidi. Alisimama pale pale akampigia meneja wa ile hoteli yenye bwawa.

Jumapili ile baada ya ibada tulikuwa pale wengi. Kulikuwa na watoto wenye maboya, familia zenye sahani za chips, wateja watatu wa Theta waliokuja na viatu vya kanisani, na wale wanaume watano wamejibana ndani ya suti zao nyeusi, jasho linawatoka kwenye jua la Thika. Mashati ya watu yalikuwa yananuka marashi, wao wananuka stroberi. Mtungi ulikuwa mmoja, kwa hivyo mwenyekiti ndiye wa kwanza.

Alitoa hotuba, bila shaka. Akaeleza shinikizo la maji, akaeleza papa, akawaambia wateja kwamba bahari na ardhi ni kitu kimoja, ukiheshimu itakulipa. Akaweka domo mdomoni akavuta hewa mara kadhaa mbele ya kila mtu, na ilisikika vizuri, na akaniangalia kwa nyusi zile za ushindi. Halafu akaingia upande ambapo maji yanamfika kifuani, akapiga magoti, kichwa kikazama.

Povu la kwanza likapanda. Watu wakapiga makofi.

Povu la pili halikuja. Maji yalichafuka, mkono mmoja ukapiga juu, na mtu ambaye angeweza tu kusimama hakusimama, kwa sababu alikuwa amevuta maji badala ya hewa na akili ilikuwa imemtoka. Wenzake walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja alikuwa anarekodi. Mimi sikumbuki kuvua viatu. Ninachokumbuka ni gauni langu la kanisa likinipanda kiunoni, na mkanda wa jaketi mkononi mwangu, unateleza kwa ile polishi yao, na mimi nikivuta kwa nguvu zangu zote huku nikimwita jina lake la ubatizo, ambalo sijalitumia tangu siku ya harusi.

Kichwa kikatoka. Akakohoa, akatapika maji ya bwawa na chai ya asubuhi, akakohoa tena mpaka macho yakawa mekundu. Nilikuwa nimemshika kifuani, nasikia moyo wake unavyopiga, na nilikuwa nalia bila kuona haya. Alipopata pumzi alinigeukia, uso karibu na wangu, na maneno yake ya kwanza, mbele ya hao watu wote, yalikuwa haya:

"Mama watoto, hii uliosha na nini?"

Na watu wakanitazama. Wateja, meneja, kina mama na sahani zao za chips, wote. Ilikuwa haraka sana. Aliuliza kwa upole, kama anavyouliza chumvi iko wapi, bila nia mbaya, na nikaona wazi kwamba kama angekuwa chini kwenye ile meli, swali hilo lingeniletewa na mtu mwingine, na yeye asingekuwepo kulijibu.

"Sikuiosha," nikasema. "Uliipeleka carwash."

Nilisema kwa sauti ya mtu wa sokoni ili ifike hadi kwa wa nyuma. Wale wenzake wanne walitazama vidole vyao vya miguu. Mmoja alichukua regulata yake iliyokuwa juu ya meza akaisukuma chini ya taulo. Kisha mteja mmoja wa Theta, mzee mpole, akauliza kama ni ile carwash ya baipasi, maana hata yeye huenda hapo.

Regulata zote tano zilitumwa Diani kwa basi. Yule mama alizifungua akatupigia, na safari hii baba watoto ndiye aliyeshika simu, na alisikiliza. Ndani ya domo kuna ngozi ndogo ya mpira, kama kifuniko, inayoruhusu pumzi itoke na kuzuia maji yasiingie. Mashine ilikuwa imeikunja na kuijaza mchanga. Ukiwa sebuleni unavuta hewa vizuri, kwa sababu pale kwenye mkunjo panaingia hewa tu. Ukiwa majini panaingia maji. Tatu kati ya tano zilikuwa hivyo, na vichwa vyote vya chuma vilikuwa vimeanza kuota kutu ndani. Alisema hayo taratibu, akauliza tu meli walikuwa wanashuka siku gani. Baba watoto alizima simu, akaja jikoni akasimama nyuma yangu, akasema asante. Nilijibu kwa kumpa vitunguu akate, kwa sababu ningesema neno lolote ningelia tena.

Nilidhani tumemaliza. Kwa kweli nilikuwa na amani. Mume yuko hai, bwawa zima linajua ukweli, mikono yangu ni safi.

Mama mkwe alipiga simu jioni ya pili. Habari ilikuwa imemfikia kupitia mtu wa kanisa aliyeambiwa na mtu wa hotelini. Hakuniuliza habari ya nyumbani. Akasema kwa sauti ya msiba kwamba amesikia nilimwoshea mwanawe vitu vibaya akataka kufa mbele ya watu, na kwamba yeye hanilaumu, ni Mungu tu wa kuhukumu, lakini kama kazi ilikuwa inanishinda ningesema, wangemtafutia msichana wa kumsaidia.

Niliweka simu kwenye spika, nikaiweka mezani mbele ya baba watoto, nikamwangalia.

Alielewa. Akajikuna pale palipokuwa na masharubu. Halafu akaongea na mamake kwa Kikuyu, ambacho baada ya miaka yote hii nakielewa kuliko wanavyodhani. Alisema yote. Alisema, "Maitũ, yeye hakuosha. Ni mimi nilipeleka carwash, mimi mwenyewe, na yeye ndiye aliyenifuata majini na gauni lake akanitoa." Sijawahi kumsikia akisema kitu kirefu hivyo bila kuuza chochote. Nilitaka kumkumbatia.

Upande wa pili tulimsikia mamake akipumua, akifikiria, mbuzi wake wakilia nyuma.

"Sawa," mama mkwe akasema. "Na ulipokuwa ukipeleka, yeye alikuwa wapi?"

Baba watoto akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga.